Je, Kiatu Chaweza Kusema Uongo?

Mtu akipita njiani amevaa kofia ya askari, naye si askari, watu watamwita mdanganyifu, na pengine atashtakiwa. Lakini apitaye amevaa buti la mtu wa kiwandani, naye tangu kuzaliwa hajashika nyundo, hashtakiwi na mtu. Je, huyu hakudanganya? Neno hili laonekana dogo, walakini msomaji akilifuata polepole ataona ya kuwa lina kina. Nami sioni mahali pa kulichungulia vema kuliko katika viatu vya wale vijana wa Ulaya na Marekani waitwao wagothi, wapendao mavazi meusi, na jamaa zao waendeshao pikipiki.

Kwanza tutazame viatu hivyo vilitoka wapi. Buti refu lisilo na kamba, lenye mkanda na bizimu, ambalo waendesha pikipiki wa Marekani hulipenda sana, asili yake lilikuwa kiatu cha kazi nzito, hasa kazi za garimoshi na moto. Kisha ikaja filamu iitwayo The Wild One, mwaka 1953, ambayo Marlon Brando aliigiza mkuu wa kundi la vijana wa pikipiki; na tangu hapo buti la mtu wa jasho likahesabiwa kuwa vazi la ukaidi. Ngozi ilikuwa ile ile, bizimu ile ile. Kilichogeuka ni macho ya watazamaji.

Habari ya Dr. Martens yastaajabisha zaidi. Klaus Märtens alikuwa tabibu katika jeshi la Ujerumani. Mwaka 1945 aliumia kifundo cha mguu alipokuwa akiteleza juu ya theluji katika milima ya Bavaria, akaona mabuti ya jeshi yanamtesa. Basi akabuni soli laini yenye hewa ndani. Yeye na rafiki yake Herbert Funck walianza biashara mwaka 1947, wakitumia mpira uliobaki katika viwanja vya ndege za vita. (Sisi tuliozoea viatu vya matairi, vile viitwavyo katambuga, hatutashangaa ya kuwa kilichokusudiwa kwa gurudumu kimeishia mguuni.) Na wanunuzi wao wa kwanza walikuwa nani? Wengi walikuwa wanawake waliopita miaka 40. Adhaniye kwamba buti hilo lilizaliwa ili kutisha watu, na awakumbuke akina mama hao waliotaka tu kupumzisha nyayo zao.

Tarehe 1 Aprili 1960 jamaa ya Griggs, washona viatu wa Wollaston katika Northamptonshire, Uingereza, walitoa buti lao lenye tundu nane za kamba na uzi wa manjano ukizunguka soli. Wakaliita 1460, kwa kuifuata tarehe ile. Likavaliwa na wapeleka barua na watu wa viwandani. Miaka michache baadaye wana wa wafanya kazi hao, wenye kunyoa vichwa, wakalifanya alama yao; nao mwanzoni walipenda muziki wa Jamaika na kucheza pamoja na vijana waliotoka huko. Lakini katika miaka ya 1970 wakatokea miongoni mwao waliowapiga mateke wageni wa Asia na watu weusi kwa mabuti yayo hayo; na wakati ule ule wengine waliyavaa katika maandamano ya kuupinga ubaguzi. Kisha wakaja wagothi, waliopenda weusi wake. Leo kampuni ya New Rock ya mji wa Yecla, Hispania, hushona mabuti yenye vyuma na soli nene mfano wa tofali, na Demonia ya California huuza mengine marefu kupita hayo.

Sasa turudi katika swali letu. Uongo wataka watu wawili: mmoja anayekusudia kudanganya, na mwingine anayedanganyika. Avaaye kofia ya askari hutiiwa, hupishwa njia, hupewa asichostahili. Bali kijana avaaye buti la kiwandani hapewi ujira wa kiwandani. Hapana aliyedanganyika, basi hapana uongo. Wako wasemao kwamba hata hivyo ni dhihaka kwa maskini, kuigeuza taabu yao iwe pambo. Malalamiko haya yana uzito, lakini yamepelekwa mlango usio wake. Mwaka 2003 kazi karibu yote ya kushona Dr. Martens iliondolewa Uingereza ikapelekwa Asia, na washonaji wa Northamptonshire wakapoteza kazi. Hasara ile iliamuliwa na wenye hesabu, si na kijana anayelipenda buti. Baadaye ushonaji mdogo ulianzishwa tena Wollaston, na viatu vyake huuzwa ghali kuliko vile vya Asia.

Lakini liko jambo lililo zito kuliko bei. Mwezi wa Agosti 2007, katika mji wa Bacup, Lancashire, msichana wa miaka 20 na mchumba wake walipigwa na kundi la vijana katika bustani ya watu wote, kwa sababu walivaa kigothi. Msichana akafa. Jaji aliyehukumu mwaka 2008 alisema ni kosa la chuki juu ya watu wasio na madhara yoyote; na mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester wakaanza kuandika mashambulio ya namna hiyo katika daftari la makosa ya chuki. Wale wauaji waliyasoma mavazi, wakadhani wameisoma mioyo. Kama palikuwa na uongo siku ile, mtazamaji alijiambia mwenyewe.

Mtu atanijibu: “Ajivikaye miiba asilalamike akiogopwa.” Kuogopwa, sawa, lakini kati ya kuogopwa na kupigwa pana nafasi kubwa, na nafasi hiyo ni mali ya apigaye. Hata hivyo simwachilii mvaaji pasipo neno. Zamani zile za ugomvi, kamba nyeupe katika mabuti zilijulikana mahali pengi kuwa alama ya kuwachukia watu wa rangi nyingine. Aliyezifunga akijua maana yake alisema neno, ijapokuwa hakufungua kinywa, naye alipaswa kulijibia. Mwenzake wa mji mwingine alizifunga kwa sababu duka lilikuwa na nyeupe tu. Kwa mbali huwezi kuwatenga wawili hao. Sharti umkaribie mmoja mmoja, umwulize.