Tochi Iliyozima Kazimzumbwi

Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, uko karibu mno na mji. Mtu wa Kibaha au Dar es Salaam anaweza kuamua asubuhi, na mchana akawa chini ya miti. Ukaribu huo ndio unaotupumbaza, kwa sababu hakuna anayejiandaa kwa Pugu kama anavyojiandaa kwa Kilimanjaro. Kisa hiki nimesimuliwa na vijana wa Kibaha ambao kiliwakuta wenyewe. Nakiandika bila majina.

Walikwenda kutembea, kisha jioni wawaone popo wakitoka kwenye mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini. Popo hutoka giza linapoingia, kwa hiyo walijua tangu mwanzo kwamba watarudi usiku. Wakanunua tochi za kichwani za kuchaji, mbili kwa watu watano, bei nafuu.

Dalili ya kwanza waliishika mkononi pale pale dukani. Betri iliandikwa 9900 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Betri ya aina hiyo, ile nene kuliko ya rimoti ambayo mafundi huiita 18650, hata ikitoka kiwanda bora hubeba kama 3500 tu. Muuzaji anayeandika karibu mara tatu ya hapo hastahili kuaminiwa kwa lolote jingine lililoandikwa kwenye boksi. Mmoja wao alisema betri ni nyepesi mno. Wenzake wakamjibu kwamba kitu cha kuvaa kichwani kikiwa chepesi ndiyo vizuri. Nami ningeweza kulikubali jibu hilo, maana linaingia akilini.

Usiku walizichaji, na taa ya kijani ikawaka upesi sana. Wakafurahi. Lakini betri inayojaa haraka kiasi hicho mara nyingi ina nafasi ndogo ya kujaza.

Mwezi Juni jua kwetu huzama kama saa 12 na robo jioni, na ndani ya nusu saa giza limeshika. Chini ya miti hutangulia. Waliwasha tochi kwa mwanga wa juu kabisa, mweupe wa kuumiza macho, wakaziacha hivyo wakingoja popo. Moja ikaanza kufifia. Ndugu msomaji, hapo ndipo mtu hupunguza mwanga na kuanza kurudi, hata kama alichokifuata hakijaonekana. Wao wakasema tungoje kidogo tu. Simu nazo zilikuwa hoi kwa kupiga picha.

Njiani wakirudi, aliyekuwa nyuma ya mwenye tochi alikanyaga kivuli akidhani ni ardhi. Akaanguka kwenye korongo dogo, kifundo cha mguu kikavunjika. Tochi ya pili ilizima wakiwa bado wanamfunga kwa kitenge. Walikaa gizani wakipiga kelele mpaka wenyeji walipowafikia.

Kwa hiyo, ukienda kununua, usidanganywe na namba kubwa. Kwa kutembea njiani, lumeni (kipimo cha mwanga) 200 hadi 400 zinatosha kabisa. Boksi linalodai makumi ya maelfu liache kwenye rafu. Uliza inawaka kwa saa ngapi, na kwa mwanga upi. Hata boksi la kweli linahitaji kusomwa kwa uangalifu: kipimo cha Kimarekani kiitwacho FL1 huendelea kuhesabu saa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Saa za mwisho, basi, ni za mwanga hafifu. Kwa masika, tafuta alama ya IPX4, inayostahimili maji ya kurukia. IPX7 huvumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Chagua pia yenye kufuli ya swichi, isije ikajiwasha ndani ya begi. Na kila mtu awe na yake, jamani. Tochi ya mwenzako humulika miguu yake, si yako.

Kisha ijaribu nyumbani kabla ya safari: ichaji, iwashe, tazama saa. Vijana wale walifanya hivyo baadaye na ile iliyotangulia kufifia. Kwa mwanga wa juu haikumaliza saa moja, na njia yao ya kurudi ilihitaji zaidi ya hapo hata kwa mtu mwenye miguu mizima.