Tasa Hana Kesi kwa Mungu

Wanawake wanaonifuata hapa Mbagala kwa kukosa mtoto huniuliza wamemkosea nini Mungu. Mimi ni mkunga, lakini swali hilo ndilo hutangulia. Huko Kizuiani na Charambe wameshaambiwa ni chango, ni jini mahaba, ni laana ya mimba ya usichana. Wameshakunywa mizizi na kuombewa.

Mimi ni Mwislamu, sina shaka kwamba mtoto hutoka kwa Mwenyezi Mungu. Ila tutazame kazi ya kutunga mimba ameiweka wapi. Wengi hudhani mimba hutungwa ndani ya mfuko wa uzazi. Hapana. Yai na mbegu hukutana kwenye mrija wa uzazi, sehemu yake pana iliyo karibu na ovari. Mrija wenyewe una urefu wa sentimita 10 hivi. Mbegu hutoka kwa mamilioni, zinazofika pale ni mamia tu, na moja ikishaingia, ganda la yai hubadilika likazizuia nyingine. Lisiporutubishwa ndani ya saa 24, yai hufa. Likirutubishwa, vinyweleo vya mrija hulisukuma polepole kuelekea kwenye mfuko, na siku ya 6 hivi huanza kujishikiza ukutani. Siku zote hizo mama anakaanga maandazi, anagombania daladala Rangi Tatu, hajui lolote. Atahukumiwaje kwa jambo lisilopita mikononi mwake?

Mirija ikiziba, mara nyingi ni makovu ya kisonono au klamidia isiyotibiwa. Nalisema wazi kwa sababu nimeliona: wapo wake waliotulia na mume mmoja, na mume ndiye aliyeuleta ugonjwa nyumbani. Kisha mawifi wanakuja kusema mke ana mkosi. Hii ni dhuluma.

Sura ya Ash-Shura inautaja utasa kuwa ni mapenzi ya Mungu, bila kuufungamanisha na dhambi. Mke wa Nabii Zakaria alifika uzeeni bila mtoto, na Injili ya Luka inamhesabu yeye na mumewe kuwa wenye haki. Shehe au mchungaji anayemwamuru mwanamke atubu ili ashike mimba anasema asichofundishwa na kitabu chake.

Tena, katika takribani nusu ya ndoa zenye shida hii, kasoro ipo kwa mume pia, au kwake peke yake. Kaka, kipimo cha mbegu ni chepesi na hakiumi. Nenda kapime kabla mkeo hajapelekwa kupigwa picha ya mirija.