Je, Karatasi Ndiyo Mtu?



Ndugu mmoja wa kanisa letu alitujia usiku, naye ameturuhusu tuandike habari hii bila jina lake. Kule Kivu alifundisha shule ya msingi miaka 12. Siku ya kukimbia alibeba watoto. Diploma yake ya serikali iliungua pamoja na nyumba. Hapa Uganda anafyatua matofali. Akatuuliza: "Mchungaji, kuna mtu mjini anayeweza kunitengenezea diploma nyingine. Nilisoma kweli, nilifaulu kweli. Je, nikiinunua nitakuwa nimetenda dhambi?"

Usiku ule hatukumjibu.

Swali lake ni letu sote, maana karatasi inazidi kupanda bei. Hapa Uganda mwalimu wa shule ya msingi alitosheka na cheti cha Daraja la Tatu. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, hata wa chekechea.

Kwa nini waajiri wanadai vyeti? Si kwa ubaya tu. Kijijini kwetu kila mtu alijua nani fundi na nani mwongo. Ugenini hakuna anayetujua, basi karatasi husimama mahali pa jirani anayeshuhudia. Diploma ni ushahidi.

Hapo ndipo tulipopata jibu. Muhuri ule unasema ofisi fulani imethibitisha, na ofisi haijathibitisha kitu. Elimu yake ni ya kweli, lakini shahidi ni wa uongo. Tena hasara haiishii kwake. Siku diploma moja ya kughushi ikigunduliwa, vyeti vya Wakongomani wote vitatiliwa shaka, na binti aliyekimbia na karatasi yake halisi atanyimwa kazi.

Lakini tusimtwike mzigo peke yake. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 22, unazitaka nchi zitutendee wema kadiri iwezekanavyo katika kutambua vyeti vya nje. Hapa UNEB hulinganisha vyeti vya sekondari; lakini ambaye chake kimekuwa majivu, alinganishiwe nini? Anayemfukuza mwalimu bila hata kumpa chaki dakika kumi, naye hakutenda haki.

Na sisi je? Tulipotafuta mwalimu wa watoto wa Jumapili, swali letu la kwanza lilikuwa: nani ana cheti? Paulo alisoma miguuni pa Gamalieli, Petro alikuwa mvuvi. Kazi ya Bwana iliwahitaji wote wawili.

Basi tulimwambia ndugu yetu: usinunue. Neno hilo kwetu lilikuwa rahisi. Yeye ndiye aliyerudi kwenye matofali asubuhi. Kwa hiyo wazee wamekubaliana mambo mawili. Tutawatafuta waliosoma naye na aliowafundisha, waandike wanachokijua na kutia sahihi. Pia tutachanga nauli ya mtu wa kufuatilia nakala ya diploma kule Kongo.

Kila jioni sasa anawafundisha watoto wetu kusoma, pale kanisani, na bado hatujamlipa kitu. Jumapili ijayo kutakuwa na kapu mlangoni. Tuliyemwambia asiseme uongo, tusimwache alale njaa.