Na Wewe Uwe na Baruku Wako

Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi, muuzaji alikuwa Hanameli, mwana wa ami yake. Damu moja! Hata hivyo alimpimia fedha kwa mizani, shekeli 17, akaita mashahidi, akatia hati muhuri, kisha hati zile akamkabidhi Baruku, mwandishi wake mwenyewe. Hakumwachia Hanameli.

Nawe, mwanangu, unayetafuta ploti ya nyumba ya kwanza Ruiru au Thika, Baruku wako ni nani? Jumamosi gari la kampuni inayouza ploti limekubeba bure. Kijana mwenye fulana ya kampuni amekuonyesha bikoni, akakuhimiza ulipe leo. Wakili wa kampuni ana mkataba tayari. Simlaumu kijana: kamisheni yake yatoka kwa muuzaji, na kazi yake ni ya muuzaji. Wakili yule vilevile. Lakini wewe, uliyeweka akiba ya chama na kuchukua mkopo wa sacco, umesimama peke yako kati yao!

Tafuta wakili wako! Serikali utailipa ushuru wa stempu asilimia 4 bila kunung'unika. Mbona anayekulinda umwone ghali? Yeye ndiye atakayefanya upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla hujalipa. Ploti nyingi za huku zimekatwa kutoka mashamba ya kahawa na mkonge, kwa hiyo adai hati mama, aulize nani alimuuzia nani. Mwenye hati akiwa na mke au mume, ridhaa ya maandishi iko wapi? Amana ya asilimia 10 ishikwe na wakili, isiguswe na muuzaji hadi shughuli ikamilike. Na mpimaji wako akanyage ploti hiyo akiwa na ramani mkononi.

Usiniambie hati umeiona. Kampuni ya Dina Management ilikuwa na hati ya ardhi ya Nyali, Mombasa. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikasema hati hiyo haiwezi kuikinga, maana ugawaji wa mwanzo, wa mwaka 1989, haukufuata sheria. Kampuni nzima ilipoteza. Wewe na akiba yako je?

Wakikuambia ofa inaisha leo jioni, iache iishe. Omba nakala ya hati, uipeleke kwa wakili uliyemchagua na utakayemlipa wewe, na usitume hata shilingi kabla hajakujibu.