Kiraka Kisichoonekana



Vijana wenzangu, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kasulu. Baba yangu mdogo alikuwa na Land Rover 109 ya zamani, ameipeleka gereji itengenezwe apate kuiuza. Nikawa nashinda pale namwangalia fundi.

Jamani, yule fundi ana mikono! Ubavu wa kushoto ulikuwa umebonyea. Alikata bati kwenye Land Rover nyingine iliyokufa, akalifunga kwa ribiti za aina ileile, kisha akaisugua rangi mpya kwa msasa laini mpaka ikafifia kama ile iliyopigwa jua miaka yote. Ukipita hujui kama pameguswa.

Nikajiuliza: je, huu si uongo? Kiraka kizima kazi yake ni kujificha!

Nikaona hapana. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, kwa sababu ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Alumini imezibwa kwa alumini, na ni imara. Unachokiona ndicho kilichopo.

Lakini chasisi ni ya chuma. Bodi inaweza kupendeza huku chini kumeoza, na ndivyo ilivyokuwa. Fundi alipogonga karibu na springi za nyuma, chuma kilimong'onyoka kama mkate mkavu. Baba mdogo akasema, "Jaza puti, paka nyeusi. Nani atalala chini kuangalia?" Fundi akaguna, akajaza.

Mteja akaja kutoka Kibondo. Alitaka gari la kubeba mihogo na watu siku za gulio. Akanigeukia: "Frateri, wewe unaionaje?"

Nikajibu, "Rangi imetulia."

Kila neno lilikuwa kweli. Na nilikuwa nimedanganya.

Mt. Tomaso wa Akwino analijadili jambo hili katika Summa Theologiae (II-II, swali la 77). Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji anaweza asiitaje, mradi apunguze bei. Ila kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima aiseme. Na katika swali la 111 anafundisha kwamba mtu huweza kudanganya hata kwa matendo. Kumbe puti nayo inaongea.

Tofauti ya viraka viwili ni hii: cha ubavuni, ukimuuliza fundi, atakuonyesha kwa furaha. Cha chini kilitegemea usiulize.

Usiku sikulala. Asubuhi nikamwambia, "Shikamoo baba. Naomba tumwambie yule mteja ukweli." Alichonijibu siandiki hapa. Fedha ile ilikuwa ya ada za watoto wake, nami nilijua. Mwishoni akapiga simu. Chuma kibovu kikakatwa, kikachomelewa kipya, bei ikashuka. Hakuongea nami mpaka napanda basi kurudi seminarini.

Ndugu yangu, wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Si kila kosa la zamani tulitangaze barabarani. Jina jema la mtu ni haki yake. Alilolisamehe Mungu limezibwa kweli. Lakini kama una mchumba, na kuna jambo litakalomuumiza kesho, mwambie leo. Yeye ndiye atakayepanda gari hilo maisha yake yote.

Bwana wetu alifufuka na mwili wa utukufu, lakini alama za misumari hakuzificha. Mtume Tomaso alipotaka kuona, alionyeshwa (Yn 20:27).

Kabla ya kwenda kitubio wiki hii, jiulize: ni kiraka gani maishani mwangu kinachotegemea kwamba hakuna atakayeuliza? Anzia hapo.

Tuombeane. Na mniombee nipatane na baba mdogo.