Kwa Wanaotamani Mtoto wa Maabara

Wajukuu zangu, zile filamu mnazoangalia kwenye mabanda umiza ya hapa Sumbawanga, ambazo mtafsiri huzisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, zimewatia hamu ya jambo ambalo sisi wa rika langu hatukuwahi kuliwaza. Mnatamani binadamu aliyeundwa. Haugui, hachoki, anaangusha watu ishirini peke yake, na hesabu anaimaliza kabla mwalimu hajashusha chaki. Mmoja wenu aliuliza mbele yangu kama siku moja mzazi ataweza kulipia mtoto wa namna hiyo. Wenzake hawakucheka, wala mimi sikucheka. Swali lile linastahili kujibiwa.

Kazi yenyewe imeshaanza. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba wamezaliwa pacha wa kike ambao yeye alivibadilisha vinasaba vyao tangu walipokuwa viinitete, akikusudia wasiweze kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Wanasayansi wenzake walimlaani, na Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimhukumu kifungo cha miaka 3. Wengi walijadili usalama wa kazi yake, kama kweli alikata vinasaba pale alipokusudia. Mimi nimebaki nikiwawaza mabinti wale. Kwa maelezo yake mwenyewe, mabadiliko hayakuwaingia sawasawa: mmoja nakala zote mbili za kinasaba alichokilenga ziliguswa, mwenzake ikaguswa moja tu. Sasa wanakua. Nani atawaambia walivyopatikana, na siku hiyo huyu wa pili atajionaje mbele ya pacha wake?

Watunzi wa hadithi za kisayansi walifika hapo mapema. Mwaka 1991 Mmarekani Nancy Kress alitoa hadithi iitwayo Beggars in Spain. Tajiri mmoja anaagiza kwa madaktari binti asiyehitaji usingizi, ili awe na saa nyingi za kusoma kuliko watu wengine. Wakati huohuo ikaingia mimba ya pili, ya kawaida, ambayo hakuna aliyeiagiza. Wakazaliwa Leisha na Alice. Baba akamfungulia moyo wake wote yule aliyemlipia, na huyu aliyejijia mwenyewe akamwacha akue pembeni. Leisha hakunyimwa kitu nyumbani, lakini alipotoka nje alikuta watu wanamwonea kijicho na kumwogopa, na wasiolala wenzake wakaanza kujitenga. Mwisho wa hadithi, anapofikwa na jambo zito, anayemfaa ni Alice. Sijui kama mtunzi alipata kuwafahamu ndugu zetu wa vijijini ambao mmoja wao alisomeshwa na wengine wakabaki kulima ili ada ipatikane, lakini hilo la Alice sisi tunalijua vizuri.

Ile filamu ya Gattaca ya mwaka 1997 mnaipenda kwa sababu ya Vincent, kijana aliyezaliwa bila kuchaguliwa vinasaba, ambaye anawashinda waliochaguliwa. Nawasihi mrudi mumtazame Jerome, yule aliye kwenye kiti cha magurudumu. Huyu alichaguliwa akiwa bado hajazaliwa ili awe bora kuliko wote. Akawa mwogeleaji, akaingia mashindanoni, akatoka na nishani ya fedha. Wa pili! Mtu aliyeumbiwa kuwa wa kwanza hakuwa amefundishwa namna ya kuishi akiwa wa pili, na kilichofuata ni kujitupa mbele ya gari. Mwili wake ulikuwa na kila kitu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba angependwa hata akishindwa.

Kwa hilo hatuhitaji maabara. Mzazi anayembadilikia mtoto uso kwa sababu amekuwa wa tano badala ya wa kwanza anamlea Jerome humuhumu mitaani kwetu. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora wa kidato cha nne. Wako walionung'unika. Mimi niliona ni uamuzi mwema, na bado naona hivyo.

Mzizi wa hadithi zote hizi ni riwaya ya Mary Shelley, Frankenstein, ya mwaka 1818, wakati vinasaba havijajulikana hata jina. Kwenye filamu mnaonyeshwa jitu linaloua. Ndani ya kitabu mambo yako tofauti. Kiumbe anafumbua macho, na aliyemuumba anatoka chumbani mbio. Anabaki peke yake kama mtoto mchanga aliyeachwa njiani. Anajificha pembeni mwa nyumba ya watu, anawachungulia kwenye ufa wa ukuta miezi mingi, na hapo anajifunza lugha. Siku anayojitokeza, mzee wa nyumba ile, ambaye ni kipofu, anampokea na kuzungumza naye kwa upole. Wanaporudi wenye macho, wanampiga fimbo na kumfukuza. Mauaji yanakuja baada ya hapo.

Hayo mkiyaona ni mambo ya Ulaya, tazameni hapa nyumbani. Watoto wenye vinasaba tofauti tunao tangu zamani, na hawakuundwa na mtu yeyote. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kiwango kikubwa mno tukijilinganisha na nchi nyingi. Mtoto huzaliwa hivyo pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba kinasaba hicho bila kujijua, na kwa kila mimba uwezekano ni mmoja kati ya minne. Basi kijana atakayemtelekeza mkewe wodini kwa madai kwamba mtoto si wake ajue kwamba damu yake mwenyewe imechangia nusu nzima ya jambo lile.

Nasi tuliwafanyia nini? Tangu mwaka 2006 hivi, nchi hii ilishuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya waganga waliouza uongo wa utajiri. Mkoa wetu wa Rukwa hauwezi kunawa mikono, maana mashambulizi yalifika huku pia, na walioumizwa ni majirani na watoto wetu. Serikali ikawakusanya watoto wengi kwenye vituo na shule za bweni: Buhangija kule Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi, Kabanga kule Kasulu. Ilikuwa lazima, kwa kuwa uhai hutangulia. Lakini kuta zile zililinda shingo, hazikuweza kumpa mtoto mama wa kumsimulia hadithi usiku. Wako waliopelekwa wadogo mno, na wako ambao ndugu zao waliacha kabisa kuwatembelea. Kila walichokibuni watunzi kuhusu mtoto wa ajabu anayekulia nyuma ya ukuta, sisi tumekitenda kwa watoto wa kweli.

Kazi ya kumlea mtoto naifananisha na ya wazee wetu Wafipa, waliojua kuyeyusha chuma. Tanuru refu, ilungu, lilikuwa kubwa kuliko kimo cha mtu, na mabaki ya malungu yangalipo huko Nkasi. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado hakifai kwa kazi. Kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, kikasafishwa kwa moto wa mivukuto, ndipo mhunzi akakipiga mpaka kikawa jembe. Vinasaba, hata vikichaguliwa na daktari bingwa wa dunia, ni kazi ya ilungu tu. Kumzoeza mtoto kusubiri, kusamehe, kushindwa na kucheka na wenzake ni kazi ya kintengwe na nyundo, na hiyo haina mashine.

Msinielewe vibaya kwamba napinga tiba. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha matibabu ya selimundu yanayohariri vinasaba vya chembe za damu za mgonjwa mwenyewe, na Marekani ikafuata Desemba. Bei yake kule Marekani inazidi dola milioni 2 kwa mtu mmoja, wakati Tanzania kila mwaka wanazaliwa maelfu ya watoto wenye ugonjwa huo. Mtakaosomea sayansi, hiyo ndiyo kazi ninayowaombea: mpate njia ya kuishusha tiba ile mpaka imfikie mtoto wa Laela na wa bonde la Ziwa Rukwa. Kumwondolea mtu maumivu ni wajibu. Kumwagiza mtu ili atimize ndoto ya baba yake ni jambo jingine kabisa, na kwa hilo simpi mtu baraka zangu.

Mazoezi ya kumpokea mtoto aliye tofauti yapo hapahapa. Kwenye darasa lenu kama yupo mwenye ualbino, macho yake hayafiki ubaoni, basi mpisheni dawati la mbele bila kusubiri mwalimu aseme. Baridi ya Ufipa inadanganya: mwezi wa Julai tunavaa makoti, kumbe juu huku kwenye uwanda jua ni kali kuliko bondeni na ngozi yake inaungua bila yeye kuhisi joto. Akisahau kofia ya ukingo mpana, mpeni mliyo nayo. Chezeni naye kivulini. Mtembeleeni kwao, mle ugali na maharage nyumbani kwa mama yake, na anayemwita kwa jina la kebehi mkemeeni papo hapo hata akiwa mkubwa kwenu. Kijana atakayeyafanya hayo mwaka mzima bila kusifiwa, akija kuniambia kwamba yuko tayari kumlea mtoto wa vinasaba vilivyobadilishwa, nitamwamini.