Macho Nayo Yapumzike

Wewe uliyebanwa kwenye daladala kuelekea ofisini, leo nakuulizia macho yako. Mtu anayekodolea kioo cha kompyuta hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na machozi hukauka. Ndiyo maana ikifika saa tisa alasiri unayasikia yanawasha kama yameingia mchanga, nawe unalaumu vumbi la Posta. Maskini vumbi! Wataalamu wa macho wana kanuni nyepesi: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Mwembe wa nje ya dirisha unatosha. Simu haihesabiwi.

Shingo nayo. Kompyuta mpakato ukiiweka mezani hivihivi inakuinamisha kutwa. Iinue kwa mafaili ya zamani mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, kisha tafuta kibodi ya kuchomeka, viwiko vikae karibu na mbavu. Na ili usikae kutwa nzima, chai usiletewe. Inuka ukaifuate mwenyewe. Vidole navyo, vikianza kufa ganzi usiku, usingoje mshahara. Nenda hospitali ukaonwe mapema.